Dark Souls II haikustahili kurukwa

Kwenye vibanda vya gemu vya Dodoma, kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu, malipo ni kwa mechi. Mpira unachezwa, aliyefungwa anaachia pedi, anayefuata anakaa. Gemu inayotaka saa 50 za mtu mmoja na faili lake haina benchi pale. Ndiyo maana hapa mjini Dark Souls, mfululizo wa gemu za mapigano zinazojulikana kwa ugumu, huchezwa zaidi kwenye laptop, kwenye vyumba vya kupanga vya wanachuo kule Ng'ong'ona na Makulu, usiku ambao bando lina bei nafuu. Na karibu kila mgeni wa mfululizo huu hupewa ushauri ule ule: cheza ya kwanza, cheza ya tatu, ile ya pili achana nayo.

Naupinga ushauri huo, na siupingi kwa huruma. Dark Souls II ina makosa, mengine ya aibu kabisa, na nitayataja. Lakini lawama kubwa zinazorushwa kila siku, kwamba kukwepa hakufanyi kazi, kwamba uhai unapunguzwa kila ukifa, kwamba maadui wanakuja kundi zima, ni mambo ya shina moja. Gemu hii imejengwa juu ya kuchakaa. Mwili wa mhusika unachakaa, silaha zinachakaa, kumbukumbu za watu unaokutana nao zinachakaa, hata maadui wenyewe wanaisha njiani. Ukiicheza kana kwamba ni ya kwanza iliyopakwa rangi mpya, itakuumiza kichwa. Ukizifuata kanuni zake yenyewe, ni gemu nyingine kabisa.

Historia kwa ufupi. FromSoftware, kampuni iliyoitengeneza, waliitoa Machi 2014 kwa PS3 na Xbox 360, na Aprili mwaka huo huo kwa kompyuta. Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza ya kwanza, alikuwa kwenye Bloodborne, gemu nyingine ya kampuni hiyo, kwa hiyo hapa alibaki msimamizi tu. Waongozaji walikuwa Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura. Wahakiki waliipa alama za juu, zaidi ya 90 kati ya 100 kwa wastani. Wachezaji ndio waliogawanyika, na bado wamegawanyika. Kundi moja linasema hii si kazi ya Miyazaki, kana kwamba hilo peke yake ni kosa. Tanimura huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza Elden Ring ya 2022 pamoja na Miyazaki, na wanaoisifu Elden Ring wangeshangaa kujua ni mangapi ndani yake yalijaribiwa kwanza hapa.

Namba inayowaponza wengi

Tuanze na lawama kubwa kuliko zote: "nilikwepa kabisa, lakini nikapigwa." Picha ni ile ile kila mara. Jitu linashusha rungu, mhusika anabingirika, rungu linapita pembeni, halafu uhai unashuka. Mchezaji anahitimisha kwamba gemu ni mbovu.

Mara nyingi siyo mbovu. Katika Dark Souls ya kwanza, ubora wa kubingirika ulitegemea uzito uliovaa. Ya pili ilibadilisha: muda ambao mhusika hawezi kudhurika wakati anabingirika unatokana na namba inayoitwa Agility, na Agility inapanda kwa kuwekeza pointi kwenye sifa ya mhusika iitwayo Adaptability, na kwa kiasi kidogo kwenye Attunement, ile ya uchawi. Muda huo unahesabiwa kwa fremu, na fremu 30 ni sekunde moja.

Angalia jinsi ngazi zilivyo. Agility ikiwa 85, una fremu 5, yaani kama theluthi ya nusu sekunde. Ikifika 86 tu, fremu zinaruka hadi 8. Ikiwa 88 ni 9, ikiwa 92 ni 10, ikiwa 96 ni 11, ikiwa 99 ni 12, na ikiwa 105 ni 13. Juu ya hapo inaendelea mpaka 16 kwenye 116, ila faida inakuwa ndogo kwa gharama kubwa. Maana yake ni kwamba wachezaji wawili wenye silaha moja na levo moja, mmoja akiwa na Agility 85 na mwingine 105, hawachezi gemu moja. Wa pili ana zaidi ya mara mbili ya nafasi ya kupita ndani ya pigo. Na ngazi hizo ni za kuruka: kutoka 99 mpaka 104 hupati fremu hata moja. Kwa hiyo usikae katikati ya ngazi. Ama simama 99, ama panda hadi 105.

Agility hiyo hiyo inaharakisha kunywa Estus, dawa ya chupa inayorudisha uhai. Hapa ndipo wengi wanapofia bila kujua sababu. Wanakimbia, wanarudi nyuma, wanainua chupa, na kabla haijafika mdomoni upanga umeshafika kifuani. Wakipanda ngazi mbili tatu za Agility, bosi yule yule anaonekana kama amepunguza mwendo.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Ukichagua aina ya mhusika, anza na Knight, kwa sababu Adaptability yake inaanza na 9, wakati Bandit anaanza na 3. Pointi za mwanzo gawanya kati ya Vigor, sifa ya uhai, na Adaptability, ukitazama Agility kwenye ukurasa wa takwimu na siyo Adaptability yenyewe. Simama kwanza 92, weka pointi kwenye silaha yako, kisha panda hadi 99 kabla hujaanza kupambana na mabosi wa katikati ya safari. Kwa mtu asiyetumia uchawi, hapo Adaptability itakuwa kama 20 na kitu. Usione ni upotevu: katika gemu hii levo zinapatikana kwa wingi kuliko ya kwanza, na kila pointi, hata iwe ya nini, inaongeza uhai kidogo.

Uzito nao una neno, ila siyo lile la zamani. Ukivuka asilimia 70 ya mzigo, mhusika anaanguka kama gunia la mahindi na umekwisha. Chini ya 70, fremu hazibadiliki, lakini umbali wa kubingirika unapungua kadiri mzigo unavyoongezeka, na stamina inarudi polepole. Kwa hiyo mwenye asilimia 69 na mwenye asilimia 40 wanakwepa kwa ubora mmoja, ila wa pili anafika mbali zaidi na anapumua haraka zaidi. Wengi wanapiga hesabu ya 70 na kusahau hilo la stamina.

Kosa la watengenezaji liko wapi? Kwenye maelezo. Gemu haisemi popote, kwa lugha ya mtu wa kawaida, kwamba namba hii ndiyo inayoamua kama utaishi. Hilo ni kosa, na siwezi kulitetea. Lakini kutoeleza kanuni na kanuni kuwa mbaya ni mambo mawili. Kanuni yenyewe ni nzuri: inakulazimisha uchague kati ya mtu anayekwepa, mtu anayebeba ngao, na mtu anayevaa chuma kizito na kuvumilia kipigo. Na ukikosea kuchagua, kuna Soul Vessel. Ukiwa nayo, unarudi kwa wale bibi vizee wa Things Betwixt, mwanzo kabisa wa gemu, unagawa pointi zako zote upya. Ya kwanza haikuwa na kitu hicho.

Kuna mapigo ambayo kweli hayana haki, tusidanganyane. Mikono ya kukamata ya baadhi ya maadui, kama lile jitu la jicho moja la mwanzoni na masanduku yenye meno, inakunyakua kutoka umbali ambao macho yanakataa. Hayo ni machache, na dawa yake ni kukwepa kwenda ubavuni, siyo kurudi nyuma.

Uhai unaopungua

Lawama ya pili: kila ukifa, kiwango cha juu cha uhai kinapungua kwa asilimia 5, mpaka kinafika nusu. Mgeni anaona hii kama kumpiga teke aliyeanguka.

Sasa tazama kilichowekwa upande wa pili wa mizani. Kuna Human Effigy, vinyago vidogo vinavyorudisha mwili wote mara moja. Kuna pete, Ring of Binding, iliyo kwenye sanduku huko Heide's Tower of Flame, mahali panapofikika tangu saa ya kwanza. Ukiivaa, uhai haushuki chini ya asilimia 75. Kuna Lifegem, vijiwe vya kuponya ambavyo bibi mfanyabiashara Melentia anauza kwa roho 300 kila kimoja (roho ndizo fedha za gemu hii), kwenye moto wa kupumzikia wa Cardinal Tower ndani ya Forest of Fallen Giants. Vinaponya taratibu, lakini unaweza kuvitumia huku unatembea, tofauti na Estus.

Na Estus yenyewe inaanza na chupa moja. Moja tu! Inakua hadi 12 kwa kukusanya vipande, na nguvu yake inapanda hadi +5 kwa kuchoma Sublime Bone Dust kwenye moto wa Majula, kijiji unachorudia kila mara. Ukiunganisha yote haya unaona walichokusudia. Mwanzoni wewe ni maskini: chupa moja, vijiwe vya kununua, mwili unaopungua. Unahesabu kila kitu kabla ya kuingia mlango wenye ukungu, ule wa bosi. Baada ya saa 20 unakuwa na akiba. Ya tatu inakupa chupa kadhaa tangu mwanzo, na hofu hiyo ya mwanzo haipo.

Jambo la vitendo: usitumie Human Effigy kila ukifa. Kosa la wageni ni kutumia moja baada ya kifo cha kwanza, halafu zimeisha kabla ya bosi wa tatu. Vaa pete, kubali asilimia 75, na weka vinyago kwa ajili ya kuita msaada, kwa sababu lazima uwe na mwili wa binadamu ili uone alama za kuitia wenzako au wahusika wa gemu.

Hapa ndipo hadithi inapoungana na namba, na kwangu hii ndiyo sehemu bora ya gemu yote. Unakutana na Lucatiel wa Mirrah, mwanamke mwenye upanga mkubwa na kinyago kinachoficha uso. Mara ya kwanza yuko No-man's Wharf, baadaye Lost Bastille, kisha Earthen Peak na Black Gulch, mwisho Aldia's Keep. Kila unapokutana naye amesahau kidogo zaidi. Anamtafuta kaka yake, na polepole hata jina lake mwenyewe linaanza kumponyoka. Ule mstari wa uhai wako unaopungua ni ugonjwa ule ule unaomla yeye. Gemu imekupa dalili kwenye mwili wako kabla ya kukuonyesha mgonjwa.

Ukitaka kuona mwisho wa safari yake, lazima umwite akusaidie kwenye mapambano ya mabosi, na atoke hai kwenye matatu kati ya hayo. Sehemu ya "atoke hai" ndiyo inayowashinda watu. Anapigana kwa ujasiri, na bosi akimgeukia hana akili ya kukimbia. Usimwachie kazi. Mvute bosi kwako, mpe yeye mgongo wa adui, na maliza haraka. Ukifanikiwa, huko Aldia's Keep anakuachia upanga na mavazi yake.

Na mfalme Vendrick, ambaye kwa nusu ya gemu unaambiwa umtafute, unampata kaburini ndani ya Undead Crypt akizunguka chumba, amekuwa maiti inayotembea, na mavazi yake yako sakafuni. Si bosi wa lazima. Unaweza kuchukua pete ya mfalme na kuondoka bila kumgusa. Anayetaka kupigana naye ajipange kwanza: bila roho za majitu, silaha yako itakuwa kama inamkuna. Kila roho ya jitu uliyobeba inashusha ulinzi wake, na ziko tano kwa jumla. Anayeingia bila hizo anapigana nusu saa na kulalamika kwamba bosi ni mrefu bure.

Ugonjwa huo una tiba, na watengenezaji waliiweka mbali makusudi. Nyongeza tatu za mwaka 2014, ya Sunken King, ya Old Iron King na ya Ivory King, kila moja ina taji. Ukizipata zote pamoja na taji la Vendrick mwenyewe, na kwenda kuongea naye ndani ya kumbukumbu yake, basi ukivaa taji lolote kati ya hayo mwili wako haupungui tena unapokufa. Adhabu iliyokusumbua tangu saa ya kwanza inafutwa na hadithi, siyo na menyu. Sijui gemu nyingi zinazothubutu kusubiri hivyo.

Makundi, moshi na mwenge

Lawama ya tatu ni ya makundi. Kweli, ngome ya Iron Keep inakurushia wapiganaji wa Alonne watatu au wanne kwa mpigo, na mwingine anakurushia mishale mikubwa kutoka ng'ambo ya lava. Ukikimbia kuelekea kwa bosi, wote wanakufuata.

Lakini gemu hii haikutaka ukimbie. Upinde, hata wa hovyo, unamvuta adui mmoja mmoja kutoka kwenye kundi lake. Silaha za kufagia, kama mkuki wa shoka au rungu kubwa, zinagusa watatu kwa pigo moja, na silaha za kuponda zinafanya kazi vizuri zaidi dhidi ya wenye chuma, ambao ndio wengi. Mace ya kawaida anayoanza nayo Cleric inaweza kukufikisha mbali kuliko panga nyingi za mapambo. Kisha, ukimuua adui yule yule mara 12, harudi tena. Anatoweka moja kwa moja. Kwa aliyekwama, njia inajisafisha yenyewe: umeshindwa na bosi mara nyingi, lakini walau mwendo wa kumfikia unazidi kuwa mweupe. Kwa mvunaji wa roho anayetaka kuua askari mmoja siku nzima, ni kikomo.

Anayetaka adui warudi ana njia mbili. Ajiunge na Company of Champions kwenye jiwe lililoko Majula, akubali gemu kuwa ngumu zaidi. Au achome Bonfire Ascetic kwenye moto wa eneo husika: maadui wote wanarudi, bosi anarudi, na eneo linapanda kwa ugumu wa mzunguko wa pili, yaani kama umemaliza gemu na kuianza upya. Tahadhari: hakuna kurudisha nyuma. Ukichoma kwenye moto wa sehemu usiyoiweza, umejifungia mlango mwenyewe mpaka upate nguvu.

Mwenge nao umetukanwa bila kosa. Taswira za matangazo ya 2013 zilionyesha giza zito na mwanga mzuri kuliko uliouzwa, na wachezaji walikuwa na haki ya kukasirika. Ila mwenge uliobaki una kazi. Huko No-man's Wharf, vile viumbe vyenye mikono mirefu vinaogopa mwanga. Ukiwa na mwenge vinarudi nyuma, bila mwenge vinakutafuna. Buibui wa Tseldora wanauogopa pia. Shrine of Amana, eneo la maji linalolaaniwa na kila mtu, mwenge unakuonyesha ukingo ulipo kabla hujatumbukia kwenye kina. Kila mwenge unaookota unaongeza dakika 5 za mwanga, kwa hiyo usiwashe mchana kweupe kwa raha zako.

Na dunia inakujibu ukiitazama. Kinu cha upepo cha Earthen Peak kinapandisha sumu mpaka kwenye chumba cha bosi Mytha, naye anaoga ndani yake na kupona. Weka mwenge kwenye kile chuma kinachozungusha kinu, kiwake moto, sumu inakauka, na pambano linakuwa nusu ya ugumu. Bosi Dragonrider wa Heide anapigana kwenye jukwaa dogo katikati ya bahari. Usipovuta nyenzo za kulipanua, jukwaa linabaki jembamba, na yeye mwenyewe anaweza kudanganywa akaanguka majini. Bosi mwingine, Pursuer, ana mitambo ya kurusha mishale mikubwa ndani ya uwanja wake. Mpangue kwa ngao kwa wakati sahihi, apooze, kisha kimbilia mtambo ulioelekezwa kwake. Hakuna anayekuambia haya. Lakini yapo kwenye ukuta, kwenye sakafu, mbele ya macho.

Yasiyoteteka

Lifti ya kutoka Earthen Peak. Uko juu ya kinu cha upepo, anga wazi juu yako, unapanda lifti, unatokea Iron Keep, ile ngome iliyozungukwa na ziwa la lava. Haiwezekani, na hakuna nadharia ya ndoto itakayonishawishi. Tanimura amewahi kueleza kwamba utengenezaji uliyumba na wakalazimika kupanga upya vipande vilivyokuwa vimeshatengenezwa. Inaonekana.

Soul Memory. Gemu inajumlisha roho zote ulizowahi kupata, hata zile ulizopoteza, na kukupangia wapinzani wa mtandaoni kwa hesabu hiyo. Mchezaji dhaifu anayepoteza roho zake kila saa anajikuta anapangwa na wenye nguvu. Baadaye waliongeza Agape Ring inayomeza roho unazopata ili hesabu isipande. Ni kiraka.

Maeneo ya ushirikiano ya zile nyongeza, hasa Frigid Outskirts na dhoruba yake ya theluji na farasi wanaotokea ndani yake, hayachezeki kwa raha ukiwa peke yako. Na kwa intaneti yetu, kuwa na watatu kwenye chumba kimoja ni bahati. Yaruke. Hakuna taji ndani yake.

Pia mhusika haendi kokote unapoelekeza kijiti cha pedi kwa ulaini. Anapendelea pande nane. Ukishajua, unaanza kuzuia mapema kabla ya kuvuka vibao vyembamba. Ukiwa hujui, unaanguka.

Toleo gani, na laptop gani

Kuna matoleo mawili na hayafanani. La 2014 linaitwa Dark Souls II tu, linatumia DirectX 9, mfumo wa picha wa zamani wa Windows. La 2015, Scholar of the First Sin, lilitoka pia kwa PS4 na Xbox One, lina nyongeza zote tatu ndani, na maadui wamepangwa upya. Heide, kwa mfano, ina joka ambalo halikuwepo. Kuna pia, kama ilivyo kwenye toleo la 2014 lililosasishwa, Aldia, bosi wa mwisho wa ziada, na mwisho wa pili wa hadithi ambapo unakiacha kiti cha enzi na kuondoka.

Kwa mgeni mwenye mashine inayoweza, chukua Scholar. Inataka GB 23 za diski na RAM ya GB 4, pamoja na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 465 au HD 6870. Toleo la 2014 linataka GB 14 na RAM ya GB 2, na ndilo litakalokubali laptop za mtumba zisizo na kadi ya picha ya peke yake, ukishusha picha hadi 720p na kuzima vivuli. Linapouzwa, nyongeza tatu ziko pembeni, kwa hiyo hakikisha unanunua nini. Faili la safari halihami kutoka toleo moja kwenda jingine. Kwenye PS3 na Xbox 360, seva zimezimwa tangu 2024. Unacheza peke yako.

Jambo moja la ajabu kwenye kompyuta: silaha kuchakaa kulifungwa na idadi ya fremu. Kwenye fremu 60 silaha zilivunjika mara mbili ya kwenye PS3 ya fremu 30, na hitilafu hiyo ilikaa mpaka 2015 ndipo ikarekebishwa. Mtu aliyecheza 2014 na kusema "silaha zinavunjika bure" hakuwa anadanganya. Siku hizi, ukikaa kwenye moto silaha inarudi mpya, mradi haijavunjika kabisa. Beba mbili, badilisha kabla ya nyekundu. Ikivunjika, ni mpaka kwa fundi chuma Lenigrast wa Majula, na ufunguo wa duka lake Melentia anauuza roho 1,000. Ununue mapema.

Kwa Dodoma kuna mambo mawili zaidi. Msimu wa upepo, vumbi linajaza feni ya laptop, joto linapanda, na fremu zinaanza kudondoka katikati ya pambano. Mtu anadhani mashine imezeeka, kumbe inahitaji kufunguliwa, kupulizwa, na kubadilishiwa ile dawa ya joto juu ya prosesa.

La pili ni umeme. Gemu hii haina kusimamisha. Kufungua menyu hakumzuii adui. Inajihifadhi yenyewe mara kwa mara, na umeme ukikatika wakati inaandika, faili linaweza kuharibika, na wahusika wako wote wamo ndani ya faili hilo moja. Betri ya laptop ikiwa imekufa, usicheze bila UPS. Ukitaka kupumzika, toka mpaka menyu kuu. Ukirudi unasimama pale pale ulipoachia. Na kila ukimaliza, gemu ikiwa imefungwa kabisa, nenda kwenye AppData, Roaming, DarkSoulsII, ingia kwenye folda yenye namba ya akaunti yako, nakili faili lenye mwisho wa .sl2 kwenye flash. Kwa Scholar linaitwa DS2SOFS0000.sl2, kwa toleo la 2014 ni DARKSII0000.sl2. Ni faili dogo, na linatosha kurudisha kila kitu kwenye mashine nyingine mradi akaunti ni ile ile.